Lipa Deni Lako Kabla ya Harusi

Somo: 2 Wafalme 4:1-7, Mwanzo 29:15-20, Luka 14:28-30

Somo hili nililifundisha kwenye ibada ya vijana, na waliobaki kuniuliza maswali walikuwa wengi kuliko ilivyo kawaida. Wengi wao wana wachumba, na wengine tarehe ishatangazwa. Nimeliandika hapa kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wanaokaa kwenye kamati za harusi.

Tuanze na mjane wa 2 Wafalme 4. Tukisoma haraka tunakimbilia mafuta, lakini mstari wa kwanza una uzito wake. Mama huyu hakuwa ameolewa na mlevi. Mumewe alikuwa katika wana wa manabii, na yeye mwenyewe anamkumbusha Elisha kwamba marehemu alimcha Mungu. Mtu wa maombi kabisa. Lakini alikufa akiwa anadaiwa, na deni halikuzikwa naye. Mdai akaja nyumbani, na kwa kuwa hakupata mali ya kubeba, akataka kuwachukua vijana wawili wawe watumwa wake.

Hao vijana hawakukopa chochote. Mama yao pia, Biblia haituambii kama alijua deni lilikuwa kiasi gani wakati mumewe yuko hai. Ndiyo maana naanza hapa ninapozungumza na wachumba. Unapokopa ukiwa peke yako unafikiri ni siri kati yako na simu yako. Siku utakapooa au kuolewa, hilo deni litakula kwa meza moja na mtu ambaye hakulichukua. Litakula karo ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Sasa angalia Elisha anafanya nini. Anauliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Hakumlaani mdai. Hakumwambia mama ahamie mji mwingine, au kwa lugha ya leo, abadilishe laini ya simu. Alimwuliza kilichopo, na mama akajibu kwamba hana kitu isipokuwa chupa ya mafuta. Kisha akamtuma kuazima vyombo kwa majirani, afunge mlango, amimine.

Sisi Wapentekoste tunapenda sana hapo kwenye kumimina, na hata mimi napenda. Naamini Mungu anafanya miujiza ya pesa, nimeiona. Lakini soma mstari wa saba polepole. Mafuta yalipopatikana, mama hakuambiwa deni limefutwa. Aliambiwa aende akauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Huo ndio mpangilio: kuuza, kulipa, kuishi. Muujiza ulileta mafuta, na miguu ya mama ndiyo iliyoenda sokoni. Na mdai, ambaye pengine hakuwa mtu mzuri, alilipwa pesa yake.

Kwa hiyo mpendwa, ukiambiwa mahali popote kwamba kuna mbegu ukipanda deni lako litafutika bila wewe kulipa, rudi kwa mstari huu wa saba. Na tafadhali, usikope kwa simu Jumamosi usiku ili uwe na sadaka ya Jumapili. Mimi hutoa fungu la kumi na nafundisha watu watoe. Lakini pesa ya mkopo wa usiku si mapato yako, na Mungu hakukudai sehemu ya kumi ya pesa ya mkopeshaji.

Mwambie mwenzako, na umwambie kwa tarakimu

Kwenye darasa la maandalizi ya ndoa tuna zoezi moja. Kila mmoja anapewa karatasi, anaandika madeni yake yote bila kumwonyesha mwenzake: anadaiwa na nani, kiasi gani, riba ngapi, na lini anatakiwa kumaliza. Kisha wanabadilishana karatasi mbele yangu. Ni kipindi kigumu kuliko hata kile cha kuzungumzia mambo ya chumbani. Nimeona watu wakiomba ruhusa kwenda msalani na kukaa huko dakika ishirini.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu mdomo unapunguza. Mtu anasema "nina kadeni kidogo", kumbe ni laki tatu. Anasema "ile ya HELB tu", na hasemi kwamba HELB yenyewe haijalipwa tangu amalize chuo. Mkopo wa HELB una riba nafuu ya asilimia 4 kwa mwaka, lakini ukikaa bila kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Faini hiyo kwa mwaka ni 60,000. Kuna watu hapa kanisani ambao faini ishapita mkopo waliosomea. Kama ni wewe, usijifiche. Nenda ofisi zao uombe mpango wa malipo, na uulize kama kuna msamaha wa faini kwa anayelipa deni lote kwa pamoja, maana mara kadhaa huko nyuma bodi imetoa nafasi kama hiyo.

Kama hata wewe mwenyewe hujui unadaiwa na nani, si wewe peke yako. Mikopo ya simu ni midogo midogo na inasahaulika. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako ya CRB mara moja kwa mwaka bila malipo. Iombe, na muisome pamoja.

Mara nyingi kinachoumiza kwenye zoezi hili si kiasi. Dada mmoja alilia sana darasani, na deni la mchumba wake lilikuwa dogo kuliko bei ya keki waliyokuwa wameagiza. Alilia kwa sababu alikuwa amemwuliza mara mbili na akajibiwa hakuna. Walisogeza harusi mbele. Nililiona hilo kuwa jambo jema, ingawa shangazi zake hawakunifurahia.

Wengine huniuliza, "Pastor, si deni lake la kabla ya ndoa ni lake?" Mimi si wakili, lakini Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ina kifungu kuhusu jambo hili, kifungu cha 10. Deni la mali ambalo mtu alilichukua kabla ya ndoa hubaki kuwa lake. Lakini mali ile ikiwa mali ya ndoa, kwa mfano ploti mliyokuja kujenga nyumba yenu, deni lake mnalibeba nyinyi wawili kwa usawa, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hapo ni sheria. Kwa maisha ya kawaida hata hiyo tofauti haipo. Kama mshahara wa mume umekatwa kazini ukabaki thuluthi moja, ambayo ndiyo kiwango cha chini Sheria ya Ajira inaruhusu ubaki nayo, ni nani atanunua unga? Ni mke. Basi deni ni la wote.

Tofautisha pia deni na kamari. Mtu aliyekopa akalipia mama yake hospitali, na mtu anayekopa kila Ijumaa aweke kwenye mechi, karatasi zao zinaweza kuwa na tarakimu sawa, lakini hao ni watu wawili tofauti. Wa pili sitamfungisha ndoa hata akilipa yote kesho, mpaka tuketi naye muda mrefu na tuone ameacha. Namlinda huyo dada.

Hesabu yenyewe

Nilisoma mambo ya biashara chuoni, kwa hiyo mtanivumilia. Mfano huu nimeutunga, msianze kuangalia benchi la nyuma.

Kaka anapata mkononi 38,000 kila mwezi, baada ya HELB na mkopo wa sacco kukatwa kazini. Anadaiwa na mikopo ya simu mitatu, jumla 22,500, na binamu yake alimkopesha 30,000. Dada anakaa kwa wazazi na anauza nguo za mitumba. Anadaiwa na chama 40,000, kwa riba ya shilingi kumi kwa kila mia, kila mwezi. Harusi ni Desemba na bajeti ya kamati ni 400,000.

Tuanze na dada, kwa sababu deni lake ndilo baya zaidi na yeye hajui. Kwenye chama wanasema "ni asilimia kumi tu". Kumi kwa mwezi! Kila mwezi 4,000 inatoka kama riba. Akiwa analipa riba peke yake, mwaka mzima atakuwa ametoa 48,000 na bado anadaiwa 40,000 ile ile. Akijikaza alipe 5,000 kwa mwezi, mwezi wa kwanza deni linapungua kwa 1,000 tu. Ndiyo maana mtu anaona analipa na analipa na halimaliziki, na anaanza kufikiri amerogwa. Hajarogwa, ni hesabu. Akipandisha mpaka 8,000, mwezi wa nane anamaliza, na wa mwisho huo analipa kiasi kidogo tu.

Kaka naye tunahesabu matumizi. Nyumba 8,000, chakula 9,000, nauli 5,000, wazazi 3,000, fungu la kumi 3,800, umeme na maji na simu 2,500. Jumla 31,300. Zinabaki 6,700, na ukimwuliza huwa zinaenda wapi, hajui. Hizo ndizo chupa yake ya mafuta. Mikopo yake ya simu inatoza asilimia 7.5 kwa siku 30, na kwa sababu halipi yote, anakopa huku analipa kule. Ukikopa 10,000 namna hiyo, ukalipa na kukopa tena kila mwezi, baada ya mwaka umetoa ada ya 9,000 na elfu kumi bado unadaiwa. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka. Hakuna biashara halali ninayoijua inayokuletea faida ya kulipia riba kama hiyo.

Alipe gani kwanza? Vitabu vya biashara vinasema lenye riba kubwa, na hapo ni mikopo ya simu, kwa sababu ya binamu haina riba. Nakubali, lakini kwa nyongeza moja. Deni la binamu lina riba ambayo haiandikwi. Kila sherehe ya familia mnakwepana, na siku ya mahari ndiye unamhitaji aketi upande wako. Kwa hiyo kaka ampigie simu leo, amwambie ukweli, na ampelekee 1,000 kila mwezi bila kukosa, hata kama ni kidogo. Zile 5,700 ziende kwenye simu. Mwezi wa tano mikopo ya simu imeisha, kisha 6,700 yote ni ya binamu, na mwezi wa tisa hadaiwi naye tena. Miezi tisa. Akipata kazi ya ziada Jumamosi itapungua.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa sacco watanikumbusha. Mikopo mingi ya sacco inatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Kuchukua mkopo kama huo ukalipe deni la asilimia 10 kwa mwezi ni jambo la busara, na ningemshauri dada aliangalie kama ana akiba kwenye sacco. Lakini uulize swali moja kabla ya kuweka sahihi: riba inahesabiwa kwa salio, au kwa mkopo wote wa mwanzo? Kwa 100,000 ya mwaka mmoja kwa asilimia 12, ya salio utalipa riba ya kama 6,600. Ile nyingine ni 12,000. Tarakimu kwenye bango ni moja, pesa ni mbili. Na ukishalipa mikopo ya simu kwa pesa ya sacco, futa zile programu siku hiyo hiyo. Usipozifuta, baada ya miezi mitatu utakuwa na madeni yote mawili.

Nikitaja sacco lazima nitaje wadhamini. Wengi wa wadhamini wenu mko nao kanisa hili. Ukiacha kulipa, akiba ya mzee aliyekuwekea sahihi ndiyo inayokatwa, na huenda alikuwa anaiwekea uzee wake. Mithali 6 inamhimiza aliyejifunga kwa deni la mwingine asilale mpaka ajinasue. Nimewahi kupatanisha ndugu wawili kwa jambo hili, na nawaambia, walikuwa hawapeani mikono hata wakati wa kusalimiana ibadani. Kwa hiyo kama una mkopo wenye wadhamini, mchumba wako awajue kwa majina.

Kwa wale wanaopigiwa simu na wakopeshaji usiku na mchana: kudaiwa si ruhusa ya kudhalilishwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana, au kupigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe. Unaweza kupeleka malalamiko. Lakini pesa yao bado utalipa.

Hiyo harusi ya Desemba

Yesu anazungumza katika Luka 14 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu kama ana cha kumalizia, asije akachekwa na wapita njia. Alikuwa anafundisha juu ya gharama ya kumfuata, lakini mfano wenyewe aliutoa kwenye maisha, na kila kamati ya harusi ingeusoma kabla ya mkutano wa kwanza.

Mnajua vile inaenda. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, watu wanaahidi, mwenyekiti anashangilia kila ahadi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, ahadi ni 400,000 na pesa iliyofika ni 170,000. Hema limeagizwa. Magari yameagizwa. Hapo ndipo bwana harusi anaenda kwa shailoki na kitambulisho mkononi, na bibi harusi hajui, kwa sababu "tusimharibie siku yake". Wanarudi kutoka fungate na simu inaanza kulia.

Nasema hivi nikijua kuna watakaokasirika: hiyo si lazima. Kiapo kinachukua dakika chache na hakina bei. Kanisa hili litawafungisha ndoa Jumapili baada ya ibada, kwa chai na mandazi, na Mchungaji ataivaa ile ile suti. Ndoa hiyo ni halali sawa na ile ya hema. Wazazi, tusaidieni hapa. Mara nyingi vijana wako tayari kufanya kidogo, lakini wanaambiwa wataaibisha ukoo. Na mahari pia, wazee wangu kwa heshima, mkipanga muulize kijana anatoa wapi. Kama jibu ni mkopo, binti yenu ndiye atakayesaidia kuulipa.

Wengine watasema kusubiri miezi tisa ni mingi, mtu ataporwa mchumba. Basi soma Mwanzo 29. Yakobo hakuwa na mahari alipofika kwa Labani. Alifanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, na Maandiko yanasema aliiona kama siku chache tu kwa vile alivyompenda. Baada ya hapo alidanganywa, hiyo ni hadithi nyingine na Labani atajibu mwenyewe. Ninachotaka uone ni kwamba ile miaka ya kufanya kazi ilikuwa sehemu ya mapenzi yao. Raheli alikuwa anamwona kila siku na mifugo. Dada, kama mchumba wako anatembea kwa miguu kutoka kazini ili nauli iende kwa binamu yake, unajifunza juu yake kitu ambacho maua ya Februari hayatakuonyesha. Na wewe kaka, ukimwona yeye anaacha kununua viatu mpaka chama kiishe, mshukuru Mungu.

Kwa wale ambao tayari mmeoana na kuna deni ambalo mwenzako hajui, mlango wetu uko wazi Jumanne na Alhamisi jioni. Njoo kwanza peke yako kama unaogopa, tutapanga namna ya kumwambia. Usiache alijue kwa kupigiwa simu na mkopeshaji.

Kwa ushirika wa nyumbani juma hili: someni Nehemia 5:1-13. Watu waliweka rehani mashamba, na wana wao wakawa watumwa, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia aliwaita wakubwa na kuwataka waache riba na warudishe. Jadilini vyama vyenu, hasa vile ambavyo wanachama wote ni wa kanisa hili, na riba mnayotozana kwa mwezi. Kiongozi wa kila kundi aandike majibu, aniletee Jumapili.